Sanda Iliyopinda

Mmeniomba, vijana mnaojifunza ufundi, niwaeleze kazi ya kukata nguo, na swali lenu la kwanza ni mkasi gani mzuri. Mkasi mzuri ni ule ambao mkeo hajakatia samaki. Mengine yanakuja na miaka.

Mimi nilikuwa mkataji. Mkinitambulisha kwa watu kuwa ni fundi cherehani mstaafu huwa nakasirika, ingawa nanyamaza. Mshonaji akikosea anafumua. Mkataji akikosea, kitambaa kimekwisha. Ndiyo maana kiwandani kwetu, pale chini ya milima, washonaji walijaza banda zima na wakataji tulikuwa wachache, na tulitembea kwa maringo kama watu waliooa kwa mfalme.

Lakini leo sitaanzia kwenye mkasi. Mmoja wenu, na simtaji, alibaki nyuma wiki iliyopita wenzake mlipoondoka. Akaniambia hospitali wamembadilishia vidonge, vile vya mawazo, na tangu aanze hivi vipya moyo unamwenda mbio, hali, halali, na mikono inamtetemeka. Alitaka kujua kama avitupe. Nilimjibu kwa kifupi: asivitupe, arudi kwa daktari amweleze hayohayo aliyonieleza. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu niliogopa kulia mbele ya kijana. Jibu refu ni hili. Ninyi wengine sikilizeni tu, habari za kukata zimo.

Aliyenifunza kazi ni marehemu mzee Salehe, Mluguru wa milimani kama mimi, mtu mfupi mwenye sauti ndogo ya kuombea maji. Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba kitambaa hulala. Jora linalotoka bohari limevutwa na kuzungushwa kwa nguvu, limekaa hivyo miezi. Ukilitandaza mezani ukalikata papo hapo, vipande vitajivuta baadaye, na shati la baba litamtosha mwana. Kwa hiyo unatandaza tabaka juu ya tabaka, unapapasa mikunjo itoke, halafu unaliacha. Mzee Salehe alikuwa akimaliza kutandaza anasema, "Limelala, msiliamshe," anakwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi alilipapasa tena kama mtu anayemgusa mtoto kuona kama homa imeshuka.

Somo la pili lilikuwa la mikono. Mashine yetu ya kukatia ilikuwa ya umeme, ina wembe mrefu unaopanda na kushuka, unaisukuma juu ya meza kufuata mstari wa chaki. Wengi hudhani kazi iko kwenye mkono wa kulia unaosukuma. Kazi iko kwenye wa kushoto. Wa kushoto unatangulia mbele ya wembe, unakandamiza tabaka zisihame, unapisha, unakandamiza tena. Mkono wa kushoto ukiwa na wasiwasi, tabaka za chini zinateleza, na juu unaona shati, chini kuna kituko. Na ukizidi kuwa na wasiwasi, unaacha vidole mezani. Mzee Salehe alikuwa na vidole vyake vyote, na kila mgeni alipofika bandani alimwonyesha kama wengine wanavyoonyesha vyeti.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sitawadanganya, tulifurahi. Sisi ni watu tuliopanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, tukafika mbele tukaambiwa imekwisha. Ghafla maduka yakajaa. Na pamoja na sabuni yakaja marobota ya mitumba, yakawa yanafunguliwa Mwembesongo, mtaani kwangu kabisa, watu wanayavamia kabla kamba haijakatwa. Mke wangu Zuhura alininunulia shati moja humo. Lilikuwa zuri. Niligeuza mkono wa shati ndani nje nikautazama mshono, ulivyonyooka, kisha nikakumbuka bei aliyoniambia. Nikajua kiwanda chetu kimekufa, bado kuzikwa tu.

Mambo yalikwenda polepole. Kwanza mshahara ukawa unachelewa. Halafu watu wakaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja, anatoka huko amekamata bahasha, hamtazami mtu. Tuliambiwa mwekezaji anakuja. Kila gari geni lililoingia getini tulidhani ni yeye.

Sijui kama ugonjwa wangu ulitokana na hayo. Daktari aliniambia ungeweza kuja hata mambo yakiwa mazuri. Ninachojua ni kwamba nilianza kuamka nimechoka kuliko nilivyolala. Chakula kikakosa ladha. Watoto wakicheka chumba cha pili, machozi yananitoka. Nikawa naona haya kuwa hai, na sikujua haya hiyo nimeipata wapi. Siku hizi mnaita sonona. Sisi tulisema mtu ana mawazo, na dawa ya mawazo ilikuwa kuambiwa usiwaze. Mjomba wangu wa Mlali, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, akasema ukoo umesahau mizimu yake. Tukatambika. Kuku aliliwa vizuri sana na mimi nikabaki vilevile.

Ndipo Zuhura akanipeleka hospitali, kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanamke mpole mwenye miwani. Nilikwenda kofia imeshuka hadi machoni, maana aliyeonekana akitoka mlango ule mtaa mzima ulimpeleka Dodoma, kwenye hospitali ya wendawazimu, kwa maneno siku hiyohiyo. Daktari akanipa vidonge vya zamani. Vilinipunguzia machozi, ila vilinikausha mdomo na kunilaza nikiwa nimesimama. Siku moja nilisinzia mashine inakwenda. Wembe ukaacha chaki ukapanda hadi kwenye kola, na rundo zima la mashati ya shule likawa la kufutia mafuta. Msimamizi hakunigombeza. Aliniangalia tu kwa huruma, na wakati ule, watu wakiitwa ofisini kila wiki, huruma ya msimamizi ilitisha kuliko matusi.

Daktari aliposikia jinsi vidole vyangu vilivyokaribia wembe, akanibadilishia. Alisema kuna dawa mpya, zinapatikana kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi, hazilazi mtu. Ruksa ileile iliyoleta mitumba ndiyo iliyoleta kidonge changu. Mpaka leo sijui niishukuru au niilaani.

"Wiki za mwanzo wasiwasi unaweza kuzidi kabla haujapungua," aliniambia. "Usiache mwenyewe, usiongeze mwenyewe. Na ukiona unafikiria kujiua, usingoje tarehe yako. Njoo siku hiyohiyo."

Niliitikia. Mtu huitikia mengi akiwa anatamani kuondoka chumbani.

Wasiwasi ulizidi. Sikieni, wewe hasa uliyeniuliza, maana hakuna aliyenieleza jambo hili kwa lugha ya mtu aliyelipitia. Ilikuwa kama nimesikia habari mbaya ambayo bado sijaambiwa. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Kifua kinagonga nikiwa nimekaa kwenye kigoda sifanyi lolote. Tumbo linakataa hata uji. Vidonge vya zamani vilikuwa vimenifanya gogo. Hivi vipya viliniwasha moto gogo likiwa bado gogo, yaani huzuni ilikuwepo palepale, ila sasa ilikuwa na nguvu za kutembea. Na mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka.

Nilijifunza vijimambo. Kidonge nilimeza asubuhi baada ya kulazimisha uji, kwa sababu nikikimeza jioni usingizi unakimbia kabisa. Kahawa niliacha, na kwa mtu wa baraza za Mwembesongo kuacha kahawa ni kama kuhama dini. Wahka ukipanda nilikwenda bombani nikaachia maji ya milimani yapite juu ya viganja mpaka mifupa iume. Na nilikuwa na uradi wangu wa kazi: nilitaja shati zima kwa mpangilio wa kulikata, mgongo, kifua, bega, mkono, kola, mfuko, kisha naanza tena mgongoni. Zuhura akinisikia jikoni nimekwama kwenye bega, alimalizia yeye, "mkono, kola, mfuko," bila kuacha kukuna nazi. Vilisaidia. Havikuponya, lakini vilinivusha kutoka saa hii hadi saa ile, na wakati huo sikuhitaji zaidi. Kuna siku havikunivusha.

Sasa niwaambie juu ya Kalunde.

Kalunde alikuwa mpiga pasi, mjane, Mnyamwezi wa Tabora, mwanamke mrefu mwenye mikono mipana. Pasi zile za kiwandani zilikuwa nzito, wanaume walizisukuma kwa mwili mzima. Yeye aliishika kama kikombe. Alikuwa hajawahi kuunguza shati. Sasa, Mnyamwezi na Mluguru ni watani, tangu babu zao walipokuwa wanapita kwetu na mizigo kichwani wakienda pwani. Ninyi wa siku hizi utani mnaujua wa kwenye simu tu. Mtani wa kweli anakuvua kofia, anakula chakula chako, anakutukana mbele ya wakwe, na huna ruhusa ya kukasirika. Una wajibu mmoja, kumjibu. Na ukifa ndiye anayekuja matangani kuigiza unavyotembea, mpaka mjane wako acheke huku analia. Kazi hiyo hawezi kuifanya ndugu.

Siku alipoona mkono wangu unatetemeka juu ya meza, alisimama mbele yangu mikono kiunoni, akaniuliza kwa sauti ya kusikika banda zima nimekufa lini. Nikamjibu nimekufa jana. Akauliza mbona Wanyamwezi hawakuitwa. Nikamwambia, kwa ulafi wenu, chakula kisingetosha. Banda likacheka. Mimi sikucheka, lakini nilikuwa nimejibu, na lilikuwa ndilo jambo la kwanza nililofanya vizuri siku hiyo.

Tangu hapo kila asubuhi alipita mezani kwangu na swali lilelile: "Maiti, umeamkaje?" Na mimi nilitakiwa kuwa na jibu. Mtani asiyejibu ni mtani aliyeshindwa, na aibu yake ni ya ukoo. Basi nikiwa kitandani macho makavu, moyo unanikimbia, nilikuwa na shughuli: kutafuta tusi la kesho. Liwe jipya, liwe la heshima kidogo kwa sababu ni mama wa watu, na lihusu Wanyamwezi wote. Wenzetu walipoanza kunong'ona kwamba nimeze nisimeze nitaishia Dodoma, Kalunde aliwakata kauli. Maiti haendi Dodoma, alisema, maiti anakwenda makaburini, na wa kumpeleka ni mimi.

Hakuniuliza hata mara moja natumia dawa gani.

Ilikuwa wiki ya tatu ya vidonge vipya. Nilisema sitawadanganya, basi ukweli ni huu: asubuhi ile nilikuwa nimeamua kufa. Maneno ya daktari niliyakumbuka yote na hayakunigusa. Nilimuaga Zuhura kwa sauti nzuri kuliko siku nyingi, akafurahi, masikini, akadhani napona. Nilikwenda kazini kwa sababu sikutaka kuacha jora limetandazwa bila kukatwa. Mawingu yalikuwa yamefunika milima mpaka miguuni na nilihisi wepesi. Huo wepesi uogopeni, kwenu wenyewe na kwa wenzenu.

Kalunde akapita. "Maiti, umeamkaje?"

Nikamjibu, "Vizuri. Nakushukuru, mtani, kwa yote."

Mtani hashukuriwi. Unaweza kumlaani, kumnyang'anya kuku, kumfukuza, lakini hushukuru, kwa sababu anayeshukuru anafunga hesabu, na utani haufungwi mpaka mmoja azikwe. Kalunde alirudi kwenye meza yake. Baada ya muda kidogo tukasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Alikuwa ameiacha pasi juu ya shati, amesimama ananitazama, na moshi unapanda.

Aliiondoa pasi, akaenda bohari, akarudi na bafta, ile nyeupe nyepesi tuliyokuwa tunakatia mifuko ya ndani ya suruali. Akaitupa mezani kwangu juu ya jora la watu.

"Kata," akasema.

"Nikate nini?"

"Sanda yako. Tutakaokuzika ni sisi na sitaki aibu. Jipime mwenyewe, wewe si fundi?"

Watu wakaacha mashine, wakasogea wanacheka. Sikuwa na ruhusa ya kukataa. Nilichukua futi nikajipima kimo, nikapiga chaki, nikashika mkasi, maana bafta moja huiwekei mashine. Mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka kama samaki aliyetolewa majini. Nilikata hadi mwisho. Kalunde akaiinua sanda yangu kwa ncha mbili, akaitazama dhidi ya dirisha kama mkaguzi anayetafuta dosari, akachukua muda mrefu.

"Imepinda," akasema.

"Inatosha."

"Haitoshi. Mkataji azikwe na sanda iliyopinda, watu watasema mtani wake alikuwa wapi? Hufi na hii. Utakufa siku mkono wako ukinyooka, si kabla. Rudi ukaishi."

Banda zima lilicheka na mimi nikacheka. Sauti ilinitoka mahali nilipodhani pamekauka, ikaumiza kifua, kisha ikageuka, nikalaza uso juu ya bafta ile nikalia mpaka washonaji wakarudi kwenye mashine zao kwa kunionea haya. Kalunde alinisubiri. Nilipomaliza alinivisha kofia yangu, akamwambia msimamizi kwamba maiti ana miadi hospitali, akanishika kiwiko tukatembea wote hadi kwa daktari. Ndani alizungumza yeye. Hakutania hata neno moja. Alisema, "Huyu leo amenishukuru," na daktari, aliyekuwa mtu wa mbali na hakujua utani wetu, akamtaka aeleze, akaeleza, na daktari akaacha kuandika.

Wakapunguza kipimo, wakaongeza kidonge cha kunituliza cha siku chache tu, wakamkabidhi Zuhura dawa zote azishike yeye, na nikawa naonwa kila wiki. Vijana, msiende kumwambia mgonjwa maneno ya sanda. Asiye mtani akiyasema anaua. Ninyi mkimwona mwenzenu amekuwa mwepesi ghafla, mkamateni kiwiko mumpeleke, msimwache njiani. Hiyo ndiyo sehemu inayoigika.

Kila mwisho wa wiki Kalunde aliniletea kipande cha bafta. Nakata, anakiinua dirishani. Imepinda. Rudi ukaishi. Wiki nyingine nilijitahidi kuinyoosha kwa hasira ili nimkomeshe, na ilipinda zaidi. Sikujua mabadiliko yalianza lini. Nakumbuka kwamba siku moja niliomba mchuzi uongezwe, na Zuhura akasimama na upawa hewani hamimini. Nakumbuka moyo ulipiga mlango ukingoja niamke kwa hofu, na nikageuka upande wa pili nikalala. Wasiwasi ulipungua kama maji ya mafuriko yanavyopungua, huyaoni yakienda, unaona tu ukuta ulioloa.

Halafu ikafika Ijumaa nikakata, na mstari ukanyooka. Tuliuona wote wawili. Kalunde hakucheka. Aliishika bafta ile muda mrefu, na usoni mwake niliona hofu, kwa sababu alikuwa amenipa sharti na mimi nilikuwa nimelitimiza.

"Sasa ruhusa unayo," akasema polepole.

Nikamwambia leo siitaki, labda waizike kwanza Tabora nzima. Akavuta pumzi, akaikunja sanda, akaitupa kwenye pipa la mifuko. Ikavaliwa na watu kwenye suruali zao.

Ningependa niishie hapo. Nyuso zenu zinasema na ninyi mngependa.

Mwekezaji alikuja. Alikuwa mtu mstaarabu, alitusalimia mmoja mmoja. Hakutaka mashine, alitaka mabanda. Tulipewa bahasha zetu, na banda la kukatia, ambalo mzee Salehe alikuwa hatuingizi na viatu vyenye tope, likawa ghala la marobota ya mitumba. Mzee Salehe alipita pale mara moja tu akarudi nyumbani, na hakuishi sana baada ya hapo. Mimi nilihamia barazani Mwembesongo na cherehani ya kuazima, nikawa napunguza suruali za Wazungu zikawatoshe Waluguru. Ugonjwa umenirudia zaidi ya mara moja. Kila unaporudi nameza, nasubiri, nataja shati langu. Vidonge vinafanya kazi, sisemi havifanyi. Vinakurudishia mwili wa kuishi nao. Kazi, banda, na watu wenu mliocheka nao havirudishi, na mtu asiwadanganye kwamba huzuni yote ni ugonjwa. Nyingine ni habari za kweli.

Kalunde hakurudi Tabora, hakuwa na mtu huko. Alipika vitumbua karibu na stendi. Nilikuwa napita asubuhi namtukana, ananitukana, nanunua. Miaka ikaenda, matusi yake yakapungua makali, akawa anajibu nusu. Asubuhi moja nilimwambia Wanyamwezi wameona mafuta wamesahau kuoga. Akanitazama, akanifungia vitumbua, akasema, "Nakushukuru, mtani. Umekuwa mtu mwema kwangu."

Niliviacha vitumbua pale, nikakimbia nyumbani, mbio za mzee, nikarudi na bafta na pasi ya mkaa inayofuka. Nikaitupa bafta mezani kwake kati ya sufuria, watu wa stendi wanatazama. Nikamwambia apige pasi sanda yake, asiache kunyanzi hata moja, na akiacha hafi. Aliijua sheria kuliko mimi. Akatabasamu kidogo, akaishika pasi ile kama kikombe, akapitisha mara moja, ikalala kama maziwa kwenye sinia. Mkono wake haukuwahi kutetemeka maishani. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nilimkamata kiwiko nikampeleka hospitali siku hiyohiyo. Walimpima, wakasema presha, wakampa dawa, na kwa daktari wa akili akakataa kuingia, akasema hana mawazo, amechoka tu. Nilikwenda kwake kila siku na tusi jipya. Alifariki kabla mvua za masika hazijakatika. Daktari aliandika presha na mimi simbishii.

Wanawake walimwosha. Shehe alisema bafta inatosha kuchanwa kwa mkono, ndivyo inavyofanywa. Nikasema hapana, mimi ni mtani wake, nitaikata. Wakanipisha. Nikaitandaza juu ya mkeka, nikaipapasa, nikaiacha ilale. Nikapiga chaki. Kisha nikashika mkasi, na mkono wa kushoto ukatangulia mbele, ukakandamiza, ukapisha, umetulia kama wa mzee Salehe. Niliukaza. Niliutikisa. Nilimwomba Mungu mkono ule utetemeke mara moja tu, sanda ipinde, niiinue dirishani nimwambie. Ilinyooka kuliko kitu chochote nilichokata tangu nizaliwe.

Nilitakiwa kuwachekesha wafiwa. Hakukuwa na wafiwa, ila mimi.

Sasa wewe wa vidonge. Siku ile uliponifuata nilikuuliza kwenu wapi, ukadhani nakudadisi, ukasema Tabora. Usitishike, hapa mko wengi wa huko, hakuna atakayekujua. Daktari umemwona, umeniambia, na kipimo amekirekebisha. Vizuri. Lakini jana nilizunguka mezani nikaokota kola uliyoikata, nikaipeleka dirishani nikaitazama dhidi ya mwanga.

Imepinda, mtani. Rudi ukaishi.